Mali ya Nani? Siku Nane Maskati na Begi la Sampuli



Ndugu wasomaji, kwa muda wa juma mbili ukurasa huu ulikuwa mtupu, na baadhi yenu mliniuliza msikitini iwapo nilikuwa mgonjwa. Alhamdulillahi, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa Maskati, nikimchukulia binti yangu begi la nguo.

Binti huyu, ambaye ni wa pili katika wanangu, anashona kile ambacho vijana hukiita nguo za mtaani: hudi, fulana pana, suruali za kufungwa kwa kamba kiunoni. Asili yake, kama alivyonisomesha mwenyewe, ni Marekani ya miaka ya 1980, kwa vijana wa California waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi na juu ya mbao za magurudumu, na kwa wenzao wa hip hop wa New York. Walichapisha fulana zao wenyewe wakauziana, kabla maduka makubwa hayajawajua. Leo zimeenea dunia nzima. Nakiri mbele yenu kwamba niliwahi kuzikemea juu ya mimbari, nikasema ni vazi la wasio na kazi. Mwanangu hakunijibu siku ile. Baada ya mwezi aliniwekea mezani hudi moja ya rangi ya kahawa, pana, iliyoshuka hadi karibu na magoti, kofia yake imetiwa bitana ya leso, akaniuliza: "Baba, hii ina aibu gani?" Niliigeuza huku na huku nikiitafuta hiyo aibu, nisiione. Ilisitiri kuliko kanzu nyingi nizionazo siku ya Ijumaa, zile nyembamba zenye kuonyesha kila kilichomo ndani.

Jina la chapa yake silitaji, kwani jarida hili si mahali pa mimi kutangaza biashara ya nyumbani kwangu. Nitasema tu kwamba ndani ya ile bitana, mahali panapogusa kisogo, huandikwa maneno mawili kwa mfano wa jina la leso: "Niulize Kwetu." Hayasomeki mpaka nguo ivuliwe.

Wanaozishona ni wanawake saba, katika chumba cha chini nyumbani kwetu Kibokoni. Wawili walijifunza cherehani za umeme katika viwanda vya EPZ. Mmoja ni mjane mwenye watoto wanne. Mkubwa wao ndiye mkata nguo, na mkasi wake hauguswi na mtu.

Sasa yanipasa niwaeleze deni langu, maana pasipo hilo hamtafahamu kwa nini shekhe wa miaka yangu alifunga safari ya kwenda kutafuta maduka ya hudi. Mwaka uliopita duka moja la bara liliomba kuuziwa nguo za mwanangu kwa mali kauli, yaani wachukue, wauze, kisha walipe. Mwanangu alisitasita. Mimi nikamwambia: mpe, mtu huyu ni mtu wa swala, namjua. Zikapelekwa nguo 48, ambazo kitambaa na ujira wake ulikuwa shilingi 91,200. Baada ya miezi mitatu mwenye duka alishindwa na kodi, na mwenye jengo akatia kufuli mlangoni, kisha akauza kila kilichokuwamo ili ajilipe. Hatukuwa na hata kipande cha karatasi chenye kuonyesha kwamba zile nguo 48 zilikuwa zetu. Washonaji walingoja ujira wao muda wa miezi minne. Mke wangu aliuza bangili zake mbili bila kunitaka shauri, na hajanitajia jambo hilo hadi leo.

Kwa hiyo mwanangu aliponiambia anataka kwenda Maskati, sikuuliza mengi. Sababu yake ilikuwa wazi. Maduka ya Mombasa yanayouza nguo za namna hii yahesabika kwa vidole, na yote alikwisha kuyafikia. Miongoni mwa wateja wake wa simu walikuwapo vijana wa Kiomani, wajukuu wa watu waliotoka Unguja na pwani yetu hii, wakiagiza moja moja, na gharama ya kutuma hudi moja kwa ndege hula faida yote. Akipata duka moja au mawili huko yatakayochukua kwa pamoja, chumba cha Kibokoni kitapumua. Nauli yake ilitoka katika chama cha washonaji wenyewe, na yangu nilijilipia. Nilikwenda kama mahramu, na kama mchukuzi. Twamsoma Mtume (s.a.w.) alivyokwenda Sham na mali ya Bi Khadija (r.a.), basi na mimi nikaona si dhila kubeba begi la mwanamke, hata kama ni mwanangu.

Akina mama wa pwani mwaijua safari ya Ghuba kwa upande mmoja. Wengi wenu mmekwenda Deira, Dubai, mkarudi na mabunda ya mabaibui na mashuka. Anayekwenda kununua hukaribishwa kwa chai. Anayekwenda kuuza huambiwa mwenye duka hayupo. Yataka maandalizi mengine kabisa, na nilistaajabu kuona jinsi mwanangu alivyojiandaa. Alichukua nguo 14 tu, kila moja ya mtindo wake, na ndani ya kila moja akagonga muhuri wa wino usiofutika: SAMPULI, HAIUZWI. Alikuwa na orodha yenye picha ya kila nguo, vipimo vyake, uzito wa kitambaa, bei ya jumla na bei anayopendekeza duka liuzie, zote kwa rial. Ofisa wa forodha wa uwanja wa Maskati alifungua begi, akasoma ule muhuri kwa tabu, akapewa orodha, akatuashiria tupite. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima ya Kiarabu, nikairudisha tumboni.

Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi inavuma. Wazee wetu walikuwa wakiungojea upepo huu uwaletee majahazi kutoka huko, na wakingoja kusi iyarudishe. Sisi tulikwenda kinyume na upepo.

Maskati ni mji mrefu na mwembamba, umebanwa baina ya bahari na milima mikavu ya rangi ya kahawa iliyoungua, isiyo na hata jani. Nyumba ni nyeupe, barabara ni safi hata mtu huona haya kutupa kokwa ya tende. Jambo lililonigusa zaidi ni kichwani mwa wanaume. Kofia yao, waiitayo kumma, yenye vitundu vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, ni ndugu wa tumbo moja na kofia zetu za Lamu. Nilipoingia mkahawani na yangu, hakuna aliyenitazama mara mbili. Jioni kando ya barabara watu huchoma nyama vijitini, nao huiita mishkak. Mwanangu alicheka: "Baba, hata mishkaki ilifika hapa kabla yetu."

Tulifikia Seeb, mji wa wavuvi upande wa magharibi, kwa jamaa za mke wangu. Katika nyumba ile mlikuwa na Bibi, mama wa mwenye nyumba, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, aliyekuja Oman mwaka 1972 akiwa na watoto wawili. Kama mjuavyo, baada ya mwaka 1964 wengi walihama visiwani, na Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 wengi wao wakakaribishwa Oman. Kiswahili chao wamekihifadhi kama nguo ya Idi. Bibi alikuwa akisema maneno ambayo sikuyasikia tangu nyanya yangu alipofariki.

Siku ya kwanza ya kazi tuliipoteza, na kosa lilikuwa langu. Nilishikilia twende soko la Mutrah, kwa kuwa ndilo nililolisikia tangu utotoni. Ni soko zuri. Vichochoro vyake vimeezekwa, hata mchana ni kama magharibi, na moshi wa ubani humfuata mtu kutoka mlango hadi mlango. Lakini wanunuzi wake wengi ni wageni wanaoteremka melini, wakitaka ubani, majambia na mashali ya kupelekea nyumbani. Nani atakwenda pale kutafuta hudi? Maduka matano yalitukatalia kwa adabu. Saa saba mchana yakafungwa, kama ilivyo desturi yao, tukakaa ukingo wa bahari tukila mkate na begi miguuni, tukingoja alasiri.

Ilipopita alasiri tukaingia duka la sita. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, akiuza kumma, vilemba na nguo za watoto. Mwanangu alimsalimu kwa Kiarabu cha chuoni, naye akajibu kwa Kiswahili: "Wewe ni mtoto wa pwani. Sogea." Alizaliwa Mkunazini, Unguja. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nimesoma kwa nani, na kabla kahawa haijapoa tukakuta kwamba babake na mwalimu wa mwalimu wangu walisoma chuo kimoja Lamu. Ndugu zangu, nani asiyeijua ladha ya jambo hilo ugenini? Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani kwake ukavua viatu.

Akazitazama nguo. Akasema: "Leteni sitini. Mali kauli. Nitauza, nitawapa chenu. Sisi si ndugu?"

Nilikwisha kufungua kinywa niseme bismillahi. Mwanangu akanitangulia. "Babu, twashukuru sana. Twaomba tuandikiane."

"Tuandikiane?" Tabasamu lake lilisimama pale pale. "Babako ni shekhe. Mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo, babu. Ningependa iandikwe tu kwamba ni mali ya nani mpaka siku itakapouzwa."

Mzee akapanga upya kumma zilizokuwa tayari zimepangwa, akasema turudi kesho kutwa. Njiani nilimkasirikia mwanangu, nami nilimwonyesha. Nilimwambia amemvunjia heshima mtu wa makamo ya babu yake. Hakunijibu, na kwa kutonijibu kwake nikakumbuka ile siku ya mimbari.

Usiku ule Bibi aliomba aonyeshwe mali iliyotuleta. Akavaa miwani, akapapasa kitambaa kama apapasavyo mchele, kisha akaipindua kofia akasoma kwa sauti: "Niulize Kwetu." Akanyamaza. Akamgeukia mwanangu: "Haya, nakuuliza. Kwenu wapi?"

"Kibokoni, Mombasa, Bibi."

"Mimi kwetu Malindi. Malindi ya Unguja, si hiyo ya kwenu. Hapa hakuna aniulizaye tena, wote washajua." Kisha akataka kuinunua. Mwanangu akamwonyesha muhuri. Bibi akasema yeye hajui kusoma mihuri, na akapanda bei.

Walipolala nilibaki na fikra zangu. Mimi ni mtu wa kufundisha aya ya deni, ile ya 282 katika Suratul Baqarah, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'an, nayo yatuamrisha kuliandika deni la muda, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Nimeifundisha miaka thelathini. Na katika vitabu vya fiqhi ninavyosomesha, hili la mwanangu lina mlango wake. Mali kauli katika vinywa vyetu ni mambo mawili tuliyoyavika kanzu moja. La kwanza ni kuuza kwa deni: mali imekuwa ya mwenye duka tangu ilipotoka mkononi mwako, naye anadaiwa thamani yake, iuzike isiuzike, iungue isiungue. La pili ni uwakala: mali ni yako bado, yeye anakuuzia kwa ujira, na ikipotea bila uzembe wake hasara ni yako, kwa sababu iko kwake kama amana. Duka likifungwa, au mwenyewe akifa na warithi wakaja kugawana, swali la kwanza ni hilo alilouliza mtoto wa kike mbele ya mzee: mali ya nani? Nilikuwa nikilijua jibu kitabuni. Dukani, kwa ajili ya kikombe cha kahawa na jina la chuo cha Lamu, nilikuwa tayari kulisahau kwa mara ya pili.

Alfajiri, baada ya swala, nilimwomba radhi. Akasema: "Baba, yule babu si mwizi. Lakini yule wa bara naye hakuwa mwizi."

Tuliporudi siku ya ahadi, tulimkuta mzee ameandaa kahawa na halwa. Akasoma karatasi yetu ya ukurasa mmoja kwa makini, akaikunja, akasema kwa upole kwamba hajapata kutia saini kwa kitu kilicho chini ya nyumba, na uzee huu hataki kuanza. Tukaagana vizuri. Akanipa kumma, nami ninayo.

Siku iliyofuata tulikwenda Ruwi, mtaa wa biashara, na huko mambo yalikuwa mengine. Mfanyabiashara mmoja wa jumla alizivuta mishono, akaigeuza kila nguo nje ndani, akasema: "Kazi nzuri. Nataka 150. Nusu ya fedha sasa, nusu mzigo ukifika. Lakini lebo yenu itoke, nitatia yangu. Na maneno ya kwenye kofia yatoke." Bei yake ilikuwa rial saba kwa moja. Rial moja ni zaidi ya shilingi 300 zetu, na ina baisa 1,000. Pigeni hesabu wenyewe. Ilikuwa ni kazi ya chumba kizima kwa miezi miwili, na ujira wenye uhakika.

Mwanangu aliomba siku mbili. Uso wake ulikuwa umebadilika, na safari hii mimi ndiye niliyenyamaza.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, tukaenda msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Ndani ya ukumbi wake mkuu umetandikwa zulia moja linaloufunika wote, lililofumwa na wanawake wapatao 600 wa Khorasan, Iran, kwa kazi ya miaka. Niliposujudu niliona fundo kwa fundo. Jina la mfumaji hata mmoja sikuliona. Nilipotoka nilimweleza mwanangu hilo, nikidhani namfariji. Akaniambia: "Baba, wale walikuwa wakiifumia nyumba ya Mungu. Yule wa Ruwi ni mtu wa kawaida."

Si kwamba kulikuwa na kosa la sheria. Kumshonea mtu kwa agizo lake, akatia jina lake, ni ujira wa halali, na mafundi wetu wamefanya hivyo siku zote. Lakini jina nalo ni mali. Mombasa twalijua hili kuliko wengi. Nendeni Biashara Street, kwenye duka la Kaderdina Hajee Essak, linalouza leso tangu karne ya 19. Kwenye leso zake utasoma "Mali ya Abdulla". Miaka mingi leso za pwani zilichapishwa ng'ambo, Uhindi na Ulaya na Japani, lakini nakshi na majina yalitoka huku, kwa kuwa aliyejua wanawake wa pwani wanataka kusema nini ni mtu wa huku. Kiwanda kiliweza kubadilika, jina likabaki. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza nyanya yangu kwa nini avae mali ya Abdulla na hali yeye ni mke wa mtu mwingine. Alinifinya sikio akasema: "Jina ni lake. Leso ni yangu, nimeilipia."

Usiku ule mwanangu aliwapigia simu washonaji, wakakusanyika wote saba chumbani. Akawaeleza bila kuficha. Mimi nilitaraji wamwambie alinde jina. Mjane akasema: "Mwanangu, karo ya shule haiulizi lebo." Wawili wa EPZ wakasema wameshona majina ya watu miaka sita, hayakuwadhuru. Mkata nguo alinyamaza hadi mwisho, kisha akauliza: "Ile kofia ya leso, ataitaka nayo?" Maana ukataji wa ile bitana, jinsi pindo la leso linavyozunguka uso bila kukatika nakshi, ni wake yeye aliyeubuni, usiku, kwa karatasi za gazeti.

Jumamosi tukarudi Ruwi. Mwanangu akamwambia yule bwana kwamba atamshonea hudi, kwa kipimo kile na mshono ule, bila lebo, lakini kofia yake itakuwa ya kitambaa kitupu. Kofia ya leso haimo katika agizo. Yule bwana akabishana, akashusha idadi hadi 80 na bei hadi rial sita na nusu. Wakaandikiana. Nilikuwa shahidi, na nilisoma karatasi mara tatu.

Duka la mwisho ndilo lililokuwa tukilitafuta tangu mwanzo, na tulilipata kwa kuelekezwa na mjukuu wa Bibi, ambaye lau tungemuuliza siku ya kwanza tungeokoa nauli. Lilikuwa Al Khuwair, dogo, limejaa nguo za vijana wa hapo hapo na taa kali. Mwenyewe ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkali kama mtihani. Hakutusifu hata kidogo. Alisema kitambaa cha gramu 380 kwa mita mraba ni cha Ulaya. Kwao kiangazi hupita digrii 40, hudi huvaliwa majumbani na madukani penye viyoyozi na katika miezi michache ya baridi ndogo, kwa hiyo yeye anataka cha gramu 240. Alisema mikono iongezwe urefu, wasichana wake huvaa chini ya abaya iliyo wazi. Alisema lebo ya ndani ionyeshe pamba ni asilimia ngapi na nguo imeshonwa nchi gani. Kisha akauliza mzigo ukifika nani atalipa forodhani. Hapo nilimwona mwanangu akifungua daftari. Ushuru ni asilimia 5, na kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Oman mwaka 2021, ni asilimia 5 nyingine juu ya jumla ya thamani na ushuru. Mzigo wa nguo 36 kwa rial tisa ni rial 324. Tia usafiri rial 36, yawa 360. Ushuru ni rial 18, kodi ni rial 18 na baisa 900. Wakabishana juu ya zile rial 36 na baisa 900 kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na mwisho mwenye duka akazibeba yeye, kwa sharti kwamba kwa miezi sita duka jingine lolote la Maskati lisiuziwe nguo zenye lebo ile.

Kofia ya leso aliipenda kimya kimya. Nilijua kwa sababu ndiyo pekee aliyoijaribu. Akauliza kama jina la chapa limesajiliwa. Mwanangu alikwisha kulisajili Nairobi, katika kundi la 25, ambalo ndilo la mavazi. Yule mwanamke akamkumbusha kwamba usajili wa Kenya hulinda Kenya tu, na kwamba nchi zetu mbili zimo katika mfumo wa Madrid, ambao kwa ombi moja mtu aweza kutaka jina lake lilindwe nchi nyingi. Ada zake huhesabiwa kwa faranga za Uswisi. Mwanangu aliandika daftarini, akafunga daftari. Hilo si la mwaka huu.

Agizo 36, nusu ya fedha mkononi, rial 162, na karatasi yenye kusema wazi kwamba ni mauzo, si amana. Mali ikishafika ni yake.

Siku ya kuondoka nilikuta begi limepungua uzito. Sampuli zilikuwa 13. Bibi alikuwa sebuleni, kiyoyozi kinavuma, amevaa hudi ya rangi ya kahawa juu ya dera, kofia kichwani. Mwanangu akanitazama kama anitazamavyo mtu anayengoja fatwa. Nikamwambia muhuri wasema haiuzwi, haukusema haipewi. Bibi akasema alikwisha kuliona hilo tangu usiku wa kwanza, ndiyo maana alipanda bei, ili tuone haya.